Ulezi wa muda mrefu nyumbani: tuanze na mlezi

Familia nyingi hapa Nairobi zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa huniuliza swali moja: "Daktari, kuna kituo gani kizuri tumpeleke?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini mtaani kila mwenye koti jeupe ni daktari na nimeshaacha kubishana. Jibu langu huwaudhi wengine. Vituo vya kukaa na mtu mwenye ulemavu mkubwa kwa miaka ni vichache, na vile vya binafsi ni vya wenye nazo. Ulezi wa muda mrefu wa jiji hili unafanyika ndani ya chumba kimoja Kayole, Pipeline au Kawangware, na anayeufanya mara nyingi ni mama, nyanya, au dada mkubwa aliyeacha shule. Ndiyo maana nikipanga tiba, naanza kwa kumchunguza mlezi: mgongo wake ukoje, analala saa ngapi, na siku akiugua nani atashika zamu.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 19 kinampa mtu haki ya kuishi katika jamii, na pia haki ya kupata msaada wa kumwezesha kuishi humo. Nusu ya kwanza tunaitimiza bila jasho, maana hakuna pengine pa kwenda. Ile ya pili ndiyo tunayodaiwa.

Mgongo kwanza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema na misuli ikawa haimtii, akiwa na miaka minne anabebwa mgongoni na maisha yanaendelea. Akifika kumi na miwili, na nyumba iko ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, mama anaanza kumwacha ndani siku nzima. Wengine humwita mzembe. Mimi naona mtu ambaye kiuno chake kimekwisha. Kitanda kikiwa chini sana, kila kuvalisha na kila kubadilisha daipa ni kuinama. Kiinueni kwa matofali mapana yasiyoyumba mpaka kifike karibu na kiuno cha mlezi, kisha kisukumeni ukutani na upande wa pili muweke kizuizi ili mtu asianguke. Mkimsogeza, msimvute makwapa. Tandikeni shuka iliyokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili washike pindo kila upande na wasogee pamoja. Na kama anaweza kusukuma kidogo kwa mguu, msubirini asukume.

Vidonda vya kulalia ndivyo vinavyonitia hofu kuliko kitu kingine. Mfupa ukibana nyama kwenye godoro kwa muda mrefu, damu haipiti na nyama inaanza kufa, mara nyingi ndani kabla ya ngozi kupasuka. Vijitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo pitisha mgongo wa kiganja juu ya kitako, nyonga, visigino na vifundo vya miguu. Ukihisi joto kuliko pembeni, ugumu, au ukiona pamekuwa peusi zaidi, hapo pasilaliwe tena mpaka parudi kawaida. Usipasugue. Asiyejigeuza mwenyewe hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Usiku ratiba hupangwa kulingana na ngozi yake na godoro alilonalo, la sivyo mlezi hatalala kabisa. Anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu ainame mbele au ajiinue kila nusu saa hivi.

Chakula nacho. Mtoto analishwa akiwa ameketi, kidevu kikielekea chini kidogo. Kichwa kikirushwa nyuma ili uji ushuke, uji huo unaweza kuingia mapafuni. Nimonia ya kila mara, au sauti inayosikika majimaji baada ya kula, iwape shaka hapo. Baada ya kula abaki ameketi kama nusu saa. Kama hana kiti cha kumshika, kipo kinachotengenezwa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano. Kikikauka kinakuwa kigumu kama mbao, na kinakatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe.

Kipimo ndicho kinachonifanya nisipende sana zile hafla za kugawa viti vya magurudumu mbele ya kamera. Mtoto akipewa kiti cha mtu mzima analalia upande mmoja, na uti wa mgongo unapinda taratibu. Ukitaka kusaidia, lipia vipimo na mto wa kukalia. Na mtafutie kiti ambacho tairi na tyubu zake fundi wa baiskeli wa mtaani anaweza kubadilisha, kwa sababu barabara zetu zitazimaliza.

Pesa ya serikali ipo, ila ni ndogo. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mlezi muda wote. Mwenye kununua daipa za mtu mzima anajua hizo zinaisha tarehe ngapi. Hata hivyo msiziache. Mtu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa hospitalini, kisha muulizie mpango huo kwa afisa wa ustawi wa jamii. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataja pia haki ya kupata vifaa vya kumsaidia mtu kukabiliana na ulemavu wake, kwa hiyo mkiomba vifaa msiombe kama watu wanaotafuta sadaka.

Kupumzika kwa mlezi hakuna anayekulipia, na hapa vikundi vya wazazi vimenishinda akili kwa wema. Wanafanya kama chama cha kuzungushiana pesa, ila hapa kinachozunguka ni siku: Jumamosi hii wewe unabaki na watoto wawili, ijayo ni zamu ya mwenzako. Sharti ni anayepokea awe amemlisha na kumgeuza mtoto huyo mbele ya mama yake kwanza. Kisha bandikeni karatasi ukutani yenye dawa na saa zake, jinsi ya kumlisha, simu za watu wawili, na la kufanya akipata kifafa: alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali kikizidi dakika tano. Kila kliniki ikibadilisha dozi, karatasi ya zamani ing'olewe siku hiyohiyo.