“Bila Kiboko Shule Zitaungua”: Dhana Zilizonichosha Masikio

Katika mikutano ya wazazi hapa Kakamega, nikitaja tu baraza la wanafunzi, mzee mmoja husimama: “Mshauri, sasa mnataka watoto watutawale?” Baada yake huja lile lile la kila muhula, kwamba shule zilianza kuungua kiboko kilipoondolewa.

Tarehe zinakataa. Kiboko kiliondolewa kisheria nchini Kenya mwaka 2001. Wasichana 19 walikufa St Kizito, Meru, mwaka 1991, wavulana wa shule hiyo hiyo walipovamia bweni lao. Mwaka 1999 viranja wanne wa Nyeri High waliuawa kwa moto, na waliouwasha ni wanafunzi wenzao. Miaka hiyo yote nyahunyo ilikuwa halali, na ilitumika. Tena tazama waliochomwa Nyeri ni akina nani: viranja, mkono wa mwalimu mkuu bwenini.

Simaanishi kwamba fimbo ikiondoka amani inaingia yenyewe. Shule nyingi zimeiondoa, au zimeificha kabatini, bila kuweka chochote mahali pake. Baraza lipo kwa jina, wajumbe wamechaguliwa na naibu mwalimu mkuu, na malalamiko kuhusu maharagwe yenye wadudu huishia kwenye daftari lisilofunguliwa. Halafu mnashangaa wakigoma! Ushauri wangu, ambao walimu wakuu wameusikia hadi wakanikwepa: wanafunzi wapige kura wenyewe, mpishi na mhasibu wakae kikaoni, na kila lalamiko lijibiwe kwa maandishi hata kama jibu ni “hapana, pesa hazipo”. Kijana huvumilia “hapana” yenye sababu. Asichovumilia ni kupuuzwa.

“Hayo ni ya watoto wa matajiri.” Wanaosema hivi wamesikia habari za Summerhill, shule ya Uingereza iliyoanzishwa na A. S. Neill, ambako wanafunzi hushiriki kutunga kanuni, na ambayo kweli ni ya karo. Lakini Risinghill ilikuwa shule ya serikali, mtaa wa Islington, London, iliyofunguliwa mwaka 1960. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa vibarua na wahamiaji, wakiwemo Wagiriki na Waturuki wa Cyprus. Mwalimu mkuu, Michael Duane, alipiga marufuku fimbo na kuwapa wanafunzi baraza.

“Na si ilifungwa? Basi ilishindwa.” Ilifungwa mwaka 1965, naam. Wakuu wa elimu wa London walitaja upungufu wa wanafunzi na mipango ya kuyapa majengo matumizi mengine. Waliomuunga mkono Duane walisema sababu halisi ilikuwa ule mtindo wake wa kuongoza bila fimbo. Walimu wake wenyewe waligawanyika, na ubishi huo haujaisha. Ila miongoni mwa waliopinga kufungwa kwake walikuwa wazazi, watu wale wale tunaoambiwa hawawezi kukubali shule isiyo na fimbo. Na hatimaye Bunge la Uingereza lenyewe lilipiga kura mwaka 1986 kuiondoa fimbo katika shule za serikali.

“Maandiko yameruhusu.” Hilo nawaachia wachungaji.

“Mimi ndiye mzazi, nimewapa walimu ruhusa wamchape.” Huna ruhusa ya kutoa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachokataza kumchapa mwanafunzi, hakimbagui mtoto ambaye babake ameandika barua. Mwalimu akipatikana na hatia anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, na barua yako haitamsaidia kizimbani.