Je, wajua kwa nini Mac (kompyuta ya Apple) ikishushwa toleo la mfumo wake, macOS, huzikataa data zake yenyewe?

Mtu ana Mac yenye Sonoma (macOS 14, ya 2023), programu yake ya kazi imegoma, anataka kurudi Monterey (macOS 12, ya 2021). Nakala rudufu ya Time Machine, programu ya Apple ya kuhifadhi nakala, anayo. Anafuta diski, anasakinisha Monterey, anafungua Migration Assistant, nayo inakataa. Chombo hicho huhamisha data kwenda toleo lililo sawa au jipya zaidi, hakirudi nyuma.

Chanzo ni hifadhidata. Mac ikipandishwa toleo, programu kama Photos (ya picha) na Mail (ya barua pepe) huzipanga upya hifadhidata zao. Photos ya Monterey ikikutana na maktaba iliyokwisha kupitia mikononi mwa Sonoma, haiwezi kuisoma. Picha zenyewe ni faili zilezile za JPEG na HEIC. Kilichobadilika ni daftari la kuzitunza. Ukiifungua maktaba hiyo kwa ndani utakuta folda ya originals imejaa picha, ila majina yake ni misururu ya herufi na tarakimu. IMG_2041 huioni tena.

Basi zitoe kabla ya kufuta chochote. Ndani ya Photos, chagua picha zote na uzitoe zikiwa asilia kwenye diski ya nje. Ulizozihariri zitoe mara ya pili, maana picha asilia haibebi marekebisho. Albamu nazo hazihami: toa kila moja kwenye folda yake. Kama Mac imewekwa ibane nafasi kwa kutumia iCloud (hifadhi ya Apple ya mtandaoni), pakua kwanza picha kamili, maana zilizomo kwenye Mac huenda ni vivuli, yaani nakala ndogo tu.

Barua pepe za IMAP (mfumo unaoacha barua kwenye seva) zitarudi zenyewe. Zilizohifadhiwa kwenye Mac pekee zitoe kama mbox, faili linalobeba barua nyingi kwa pamoja. Hati za Pages, programu ya Apple ya kuandikia, zigeuze ziwe docx, faili za Word. Nyaraka, muziki na video buruta tu. Folda ya Library, ambamo programu huweka mipangilio yake, usiirudishe nzima. Mipangilio iliyoandikwa na toleo jipya huangusha programu za zamani.

Kisakinishi cha Monterey kinatosha kwenye fleshi ya GB 16. Ila angalia Mac yako ilitoka kiwandani na toleo gani: MacBook Pro yenye chipu ya M3 ilizaliwa 2023, baada ya Monterey, hiyo Monterey haiingii kabisa.

Na diski ya Time Machine usiifomati. Migration Assistant ikigoma, bado unaweza kuifungua diski hiyo kwa Finder (programu ya Mac ya kuvinjari faili) ukachomoa faili moja moja.