Je, wajua kwa nini viungo haviingii ndani ya mishkaki ya kuku?

Pita Mji wa Kale wa Mombasa baada ya Magharibi, ushike njia ya Kibokoni, na pua itakufikisha kabla ya miguu. Seredani iko nje ya mlango, makaa yamekwisha kuvaa jivu, na mtu anapepea kwa kipande cha boksi huku mkono wa pili ukigeuza vyuma. Nyama ni vipande vidogo, na ukitafuna kimoja ladha inakujaa kinywa kizima. Basi unarudi nyumbani na hamu. Unanunua kuku, unapita soko la Marikiti kuchukua kila kiungo kilicho kwenye gunia, unamroweka usiku kucha, kesho unamchoma. Unauma. Juu ni kutamu. Ndani ni kweupe, kukavu, hakuna dalili kwamba jira na tangawizi zilipita karibu.

Ukilalamika, jibu utakaloambiwa ni moja: hukumroweka ya kutosha. Mngoje zaidi, mtoboe kwa uma, mlaze siku mbili. Mimi pia nililiamini jibu hilo kwa miaka, mpaka siku nilipokata kwa kisu kipande kilicholala na manjano usiku mzima, kabla hakijaguswa na moto. Rangi ya njano ilikuwa imekaa pembezoni tu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ndani nyama ilikuwa na waridi wake ule ule wa buchani.

Kumbe viungo havisafiri. Nyama ya kuku karibu robo tatu ni maji, na manukato mengi ya jira, manjano, mdalasini na pilipili manga hupenda mafuta, maji hayaelewani nayo. Tena chembe zake ni kubwa ukilinganisha na za chumvi. Hata ukingoja siku mbili, vitaishia milimita chache za juu. Kinachozama kweli ni chumvi. Yenyewe huyeyuka katika maji, ikagawanyika chembe ndogo ndogo, na taratibu ikatembea kutoka nje hadi katikati. Ukimroweka kuku kwa viungo kumi, tisa vinabaki mlangoni na chumvi inaingia ndani.

Sasa hapo ndipo mishkaki inapoonyesha akili yake. Kama ladha inakaa juu, dawa ni kuiongezea nyama juu. Chukua bonge la nyama la sentimita 6 kila upande. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 216. Likate vipande vya sentimita 3, utapata vinane, na eneo lote la nje limekuwa 432. Likate vya sentimita 2, utapata 27, na eneo limefika 648. Nyama ni ile ile, lakini pahali pa kupaka viungo na pa kupigwa na moto pamezidi mara tatu. Kila utafunapo unapata juu nyingi na ndani kidogo.

Na lugha yetu yenyewe ilishasema. Yule kuku wa Pwani anayechomwa kisha akavikwa tui zito la nazi lenye viungo, jina lake ni kuku wa kupaka. Waliompa jina hawakumwita kuku wa kuroweka.

Lakini udogo wa kipande una deni lake: kikiwa kidogo mno, moto unakifikia katikati kabla juu hakujapiga rangi vizuri, nacho kinakauka. Kwa kuku mimi husimama kwenye sentimita 3, yaani kama pingili ya juu ya kidole gumba. Nyama ya ng'ombe naweza kukata ndogo zaidi, kwa kuwa pale wachomaji huchomeka kipande cha shahamu baina ya nyama na nyama, shahamu ikayeyuka na kuinywesha mishkaki nzima. Kuku hana wa kumnywesha.

Tukija kwenye ukavu, lawama nyingi ni za kidari. Watu hukipenda kwa sababu hakina mifupa, ni cheupe na hukatika vizuri. Tatizo ni joto. Nyama ikifika nyuzi joto 50 hivi, protini za kwanza huanza kuganda, na hapo bado ni laini. Ikifika baina ya 65 na 70, protini nyingine iitwayo aktini hujikunja na kukamua maji mengi nje, mfano wa mtu anayekamua kitambaa cha kudekia. Na kuku hatuwezi kumla kwa joto la chini, kwani ushauri unaofuatwa wa usalama ni nyuzi 74 katikati ya kipande. Kwa hiyo kidari kinapokuwa salama, tayari kimo njiani kukauka, na dakika mbili za kuzubaa zinakimaliza. Paja lina mafuta zaidi, na lina kolajeni, ile nyama ya utando utando, ambayo ikipata joto huyeyuka taratibu ikawa kama jeli na kuilainisha nyama. Paja likipita mpaka 80 bado linalika. Nunua mapaja, uyatoe mifupa mwenyewe, mifupa uipeleke kwenye supu. Anayetaka kidari kwa lazima, namwombea heri na namshauri asitoke pale jikoni hata kidogo.

Chumvi ina kazi ya pili hapa mbali na ladha. Ikiingia ndani hulegeza nyuzi za protini, zikavimba na kushika maji ambayo moto ungeyakamua. Ndiyo maana nyama iliyotiwa chumvi saa nne au tano kabla hubaki na maji, na ile iliyonyunyiziwa dakika ya mwisho hukauka. Kilo moja ya nyama bila mifupa huitosha vijiko viwili vya chai vya kusawazisha. Tia chumvi kwanza peke yake, funika, weka kwenye friji. Kwa joto la Mombasa usithubutu kuiacha juu ya meza. Likipita nyuzi 32, saa moja tu inatosha kuwapa bakteria sherehe.

Na maadamu tumetaja bakteria, najua nitagombana na nusu ya majirani: usimwoshe kuku kwenye sinki, hata kwa ndimu na chumvi. Salmonela na kampilobakta hazifi kwa maji, zinaruka tu na matone hadi kwenye sahani na kachumbari yako. Zinakufa kwa moto.

Ndimu nayo, pamoja na papai bichi, zina kisa. Idi moja niliwaambia watu wa nyumbani mishkaki niachieni mimi. Nilikuwa nimesikia kwamba siri ya wachomaji ni papai, basi nikakwaruza kipande kizima na ganda lake, nikamwagia kuku wa kizungu wa kilo tatu, nikalala kwa furaha. Asubuhi nilipotia mkono kwenye bakuli, nyama iliteleza baina ya vidole kama boga lililochemshwa. Nikajikaza nikaitunga vijitini. Dakika tatu juu ya moto, kipande cha kwanza kikadondoka kwenye makaa, kikafuatwa na cha pili, na wageni wako barazani wanaangalia. Mama mkubwa hakunyanyua hata kichwa kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. "Kuku mwenyewe mtoto wa wiki sita," akasema, "wamtilia papai la kazi gani?"

Alisema kweli, na sayansi iko upande wake. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukatakata protini. Kwa nyama ya ng'ombe mzee, au kuku wa kienyeji aliyekimbia uani mwaka mzima, kina kazi ya kufanya. Kuku wa kizungu huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, nyuzi zake ni laini tangu mwanzo. Tena papaini kwenye baridi hufanya kazi polepole tu, ingawa ikiwa nyingi kama yangu usiku mzima unatosha kuilegeza nyama. Nguvu yake hasa iko kwenye nyuzi 60 hadi 70, yaani nyama ikiwa tayari motoni inapanda joto. Ndio sababu vipande vyangu viliingia kwenye moto vikiwa vimeshikana kwa shida, vikaachana hapo hapo. Ukiwa na kienyeji, kijiko cha chai cha papai lililokwaruzwa kwa kilo, nusu saa kabla ya kuchoma, kinatosha.

Ndimu haikati protini namna hiyo, lakini asidi yake huigandisha nyama kwa juu kama moto ungefanya. Ikikaa sana, juu huwa kama chaki. Mtindi ni mpole zaidi: asidi yake ni hafifu, na sukari na protini za maziwa zilizomo husaidia nyama kupiga rangi. Nusu kikombe kwa kilo, na ndimu uiache ije mezani.

Kupiga rangi ndiko kunakoleta ile harufu inayomtoa mtu njiani. Mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi protini na sukari zinavyoungana kwa joto zikazaa rangi ya hudhurungi na ladha mpya ambazo hazikuwemo kabla. Muungano huo hushika kasi nyuzi joto zikikaribia 140. Maji huchemka kwenye 100. Hesabu yake ni rahisi: maadamu nyama inachuruzika mtindi na maji ya kitunguu, joto la juu yake haliwezi kupita 100, na utakachopata ni nyama ya kuchemshwa iliyotungwa kijitini. Kwa hiyo ukiitoa kwenye bakuli, ipanguse kwa vidole, ubakishe utando tu. Hapa wengi hukosea, wanaona huruma kupoteza viungo.

Moshi nao una siri. Makaa yaliyoshika vizuri hayana harufu kubwa yenyewe. Harufu huja pale tone la mafuta linapodondokea kaa, likaungua, likapanda juu kama moshi na kuishika nyama. Mishkaki ya ng'ombe ina shahamu yake ya kudondoka. Ya kuku haina, hivyo mpe: chukua brashi, au jani la mgomba lililochanwa ncha, upake samli au tui zito kila unapogeuza. Utasikia makaa yakilia chwaa, na hapo ndipo inapokuwa mishkaki. Ukwaju wenye sukari usiupake mapema, utaungua na kuwa mchungu. Upake dakika mbili za mwisho.

Mimi hufanya hivi. Chumvi asubuhi. Alasiri naponda punje sita za thomu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, nachanganya na mtindi, vijiko vitatu vya mezani vya mafuta, kijiko cha chai cha jira iliyokaangwa na kusagwa, nusu ya manjano, nusu ya pilipili manga, na pilipili kali kwa kadiri ya wageni. Mafuta usiyaache, ndiyo yanayobeba manukato ya viungo. Saa moja inatosha, kwani nimeshasema havina pa kwenda. Vijiti vya mti navizamisha majini nusu saa visishike moto. Nikiwa na vyuma vilivyo bapa navipenda zaidi, nyama haizunguki yenyewe unapogeuza. Makaa yakishavaa jivu jeupe, naweka mishkaki na kugeuza kila dakika moja au mbili. Dakika kumi hadi kumi na mbili, kisha nakata kipande kinene kuliko vyote nikatazame ndani. Mchuzi uliobaki kwenye bakuli umeguswa na kuku mbichi, ama uuchemshe ama uumwage.

Wanaokaa ghorofani Tudor au Nyali bila ua wa kuweka seredani wasikate tamaa, na wala wasiwashe makaa ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua bila harufu. Choma kwenye oveni moto wa juu ukiwa mkali, mishkaki karibu na moto. Kisha ifukize kama nguo zinavyofukizwa udi: pasha kipande kimoja cha kaa juu ya gesi mpaka kiwe chekundu, kitie kwenye kibakuli cha chuma katikati ya sufuria yenye mishkaki, kidondoshee samli matone matatu, ufunike upesi. Dakika tano. Fungua dirisha kabla ya kufunua, na uwe tayari na sahani ya ziada, kwa kuwa jirani wa juu atakuwa ameshasikia harufu.