Kampuni Imesajiliwa, Lakini Je, Jina ni Lako?

"Jina ni letu, msajili wa makampuni amelipitisha." Kauli hii naisikia karibu kila mara kutoka kwa mteja aliyekwisha kuchapisha lebo na kuandika jina kwenye magari. Inaniuma, maana mara nyingi pesa imeshatoka.

Msajili wa makampuni huangalia daftari lake tu: je, kuna kampuni nyingine yenye jina hilo? Anachokupa ni utambulisho wa kisheria, ijulikane nani anaingia mikataba na nani anadaiwa kodi. Daftari la alama za biashara, yaani majina na nembo zinazotambulisha bidhaa au huduma za mtu, ni jingine kabisa. Aliyeandikwa humo ana haki ya kuwazuia wengine wasitumie alama inayofanana na yake kwa bidhaa au huduma zinazofanana na zake. Kwa hiyo kampuni yako inaweza kuwa halali kabisa, na bado ikawa inakiuka alama ya mtu tangu siku ya kwanza ya mauzo. Ukishtakiwa, cheti cha kampuni hakikukingi. Unaweza kuamriwa kuondoa bidhaa sokoni, kulipa fidia na kubadili jina.

Hata wakubwa hukwama. Burger King ilipoingia Australia mwaka 1971, ilikuta jina hilo limeshachukuliwa na mgahawa wa Adelaide. Migahawa yake huko ikaitwa Hungry Jack's, na ndivyo inavyoitwa mpaka leo. Haki ya alama huishia mpakani, hivyo tafuta katika kila nchi unayokusudia kuuza. Anza na hifadhidata ya alama ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na alama, ambayo ni ya bure, kisha ingia kwenye daftari la nchi husika, kwa sababu si madaftari yote yamo humo.

"Nimetafuta, halipo." Ulitafutaje? Wengi huandika jina kwa herufi zilezile na kuishia hapo. Mkaguzi wa ofisi ya alama hupima sauti, mwonekano na maana. Nuru na Nuuru kwake ni karibu kitu kimoja. Badilisha K na C, ongeza irabu, tafuta kipande cha jina. Usijifungie pia katika kundi moja la bidhaa au huduma zako. Mfumo wa Nice, ambao ndio mpangilio wa kimataifa wa kusajili alama, una makundi 45, la 1 hadi 34 ya bidhaa na la 35 hadi 45 ya huduma. Juisi ipo kundi la 32 na mgahawa la 43, lakini alama zao zinaweza kugongana, kwa kuwa mnunuzi huweza kudhani zinatoka kwa mtu mmoja.

Tena majibu safi ya leo hayadumu. Chini ya Mkataba wa Paris, makubaliano ya kimataifa kuhusu haki kama hizi, aliyeomba alama katika nchi moja mwanachama ana miezi 6 ya kuomba katika nyingine na kuhesabiwa tarehe ile ya kwanza. Anaweza kuwasilisha ombi baada yako na bado akawa mbele yako. Ndiyo maana nasisitiza, hata wateja wakinichoka: njoo na majina matatu, lipia utafutaji kabla ya kumlipa mchora nembo, na jina likionekana safi wasilisha ombi mara moja.

Domeini, yaani anwani ya tovuti, kuwa wazi hakuthibitishi kitu. Muuzaji wa domeini hakagui alama, na tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, ina utaratibu wa kumpokonya domeini aliyeisajili kwa nia mbaya.

Wengine huamini kwamba jina lisilo na mwenyewe lazima likubaliwe. Sivyo. Ukiuza maziwa kwa jina Maziwa Safi, tarajia kukataliwa, kwani kila muuza maziwa anahitaji maneno hayo.

Na anayesema ametumia jina miaka mingi, hivyo hana haja ya kusajili, ajue kwamba katika nchi nyingi anayetangulia kuomba ndiye hupewa. Kumwondoa baadaye kunawezekana wakati mwingine, ila utabeba wewe mzigo wa ushahidi, na gharama yake huzidi sana ada ya usajili.