Je, wajua kwa nini watoto huandika 3 ikiwa imegeuka?

Mpe mtoto wa miaka mitano penseli, umwambie aandike namba kuanzia 1 hadi 9. Usishangae 3 yake ikitazama upande usio wake, 7 ikiwa na paa linaloelekea kulia, na 2 ikionekana kama imetoka kwenye kioo. Ukimuuliza amekosea wapi, atakutumbulia macho. Kwake hakuna kosa. Hiyo ni 3, ina matumbo mawili, unataka nini tena?

Wazazi wengi huingiwa na wasiwasi hapo. Kuna wanaodhani mtoto hajali, na kuna wanaokimbilia kusema ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno. Lakini kugeuza namba ni jambo la kawaida kabisa kati ya miaka 4 na 7, awe anatumia mkono wa kulia au wa kushoto, awe mwepesi darasani au mzito. Chanzo chake ni uwezo ambao ubongo wa mtoto ulikuwa nao zamani kabla hajashika penseli.

Jicho halijali upande

Kikombe chenye mkono upande wa kulia ni kikombe. Kigeuze mkono uende kushoto, bado ni kile kile. Paka akipita mbele yako kwenda kushoto kisha akarudi kulia, hageuki kuwa mnyama mwingine. Ubongo umezoea kupuuza upande ili utambue kitu haraka, na ni heri iwe hivyo, maana vinginevyo tungelazimika kumzoea kila mtu mara mbili, ubavu huu na ubavu ule. Ukitaka kujipima, fumba macho ujiulize: sura iliyo kwenye sarafu unayoishika kila siku inatazama wapi? Watu wazima wengi hubahatisha tu.

Sasa mtoto anaingia darasani, anaambiwa kwamba b na d ni vitu viwili tofauti. Haijawahi kumtokea. Miaka yote upande haukuwa na maana, leo upande ndio unaoamua jina. Inabidi ubongo uache mazoea yake, tena kwa alama chache tu za kwenye karatasi, huku ukiyaendeleza kwa vikombe, paka na vitu vingine vyote. Kazi hiyo haiishi kwa wiki moja.

Hata hivyo, watoto hawageuzi ovyo. Mwanasaikolojia wa Ufaransa, Jean-Paul Fischer, alichunguza maandishi ya watoto wadogo akaona kwamba namba zinazogeuzwa mara nyingi ni zile zinazotazama kushoto: 1 (ile yenye kijidomo juu), 2, 3, 7 na 9. Namba 6, inayotazama kulia, husalimika zaidi. Kwa nini? Angalia herufi kubwa tunazoandikia: B, D, E, F, K, L, P, R. Zote zina mgongo kushoto na uso kulia. Bila kufundishwa na mtu, mtoto huokota kanuni kwamba alama za maandishi hutazama kulia, kisha huitumia hata mahali isipofaa. J na Z nazo huangukia mtego huo huo. Kwa hiyo yule anayegeuza 3 mara nyingi ni mtoto aliyekwisha kuanza kuelewa maandishi yalivyo, ila ameelewa kwa jumla mno.

Mkono ndio unaojua njia

Kama jicho halijali upande, nani atamfundisha mtoto? Mkono. Ukiitazama 3 na 3 iliyogeuka, umbo ni lile lile. Lakini ukiziandika, ni safari mbili tofauti kabisa: moja inaanza kwa kwenda kulia, nyingine kwa kwenda kushoto. Kwenye mwendo hakuna utata.

Mwaka 2012, mtafiti Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, pamoja na mwenzake, walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 5 ambao hawakuwa wamejua kusoma. Kuna herufi ambazo watoto waliziandika wenyewe kwa mkono, nyingine walifuatisha juu ya mistari iliyochorwa, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Kisha wakapigwa picha za ubongo huku wakitazama herufi hizo. Sehemu za ubongo zinazofanya kazi wakati wa kusoma ziliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe, lakini si kwa zile walizozifuatisha au kuzibonyeza. Utafiti ule ulikuwa wa herufi, si namba, lakini somo lake kwa mwalimu wa namba liko wazi: zile kurasa na kurasa za namba za vitone, ambazo mtoto anaunganisha tu, zina kikomo. Zinamsaidia mwanzoni aone njia. Akizifanya mwaka mzima, anajifunza kuunganisha vitone.

Tena mkono wenyewe bado unakua. Mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono huzaliwa ikiwa gegedu, kitu laini kuliko mfupa, na hugeuka kuwa mfupa kidogo kidogo mpaka karibu na balehe. Michoro nayo ina zamu yake: watoto wengi huweza kunakili duara wakiwa na miaka 3 hivi, msalaba miaka 4, mraba unakaribia miaka 5, na mistari ya mshazari huja baadaye. Ndiyo maana kuchora 0, au 1 ya mstari mmoja, hakusumbui, huku 4 na 7, zenye mistari ya mshazari, zinaleta machozi. Mtoto wa miaka minne asiyeweza 7 hana tatizo lolote. Mwache achore duara na mistari.

Mchanga, msasa na maji

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, alikata tarakimu kutoka kwenye karatasi ya msasa akazibandika juu ya vibao laini. Mtoto hupitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya ule ukwaru kwa kufuata njia ile ile ya kuandika, huku akitaja jina la namba. Kidole kikitoka nje ya njia, kinahisi ulaini, na mtoto anajirekebisha kabla mwalimu hajafungua mdomo. Vibao hivyo vinatumika mpaka leo, na kuvitengeneza si kazi: msasa laini, gundi na vipande vya boksi gumu. Msasa wa kukwaruza sana haufai, mtoto ataukataa baada ya namba ya pili.

Sinia la mchanga ni jambo jingine, na mimi nalipenda kuliko yote. Tandaza mchanga mkavu, tabaka jembamba kiasi kwamba kidole kikipita rangi ya sinia inaonekana chini. Ukijaza mwingi, kingo zinaporomoka na namba inapotea. Mchanga unakipinga kidole kidogo, na huo upinzani ndio faida yake, kwa sababu mkono unapunguza kasi na kuhisi kila kona. Faida nyingine ni ya moyoni: namba ikiharibika, mtoto anatikisa sinia, imekwisha. Hakuna ufutio, hakuna karatasi iliyotoboka, hakuna mkasi mwekundu wa kosa (X).

Lakini sinia peke yake halifundishi upande. Mtoto anaweza kuandika 3 iliyogeuka kwenye mchanga mara hamsini, na kila mara anaukazia mkono njia mbaya. Weka kijiwe au kitone cha rangi kwenye ukingo wa sinia, juu upande wa kushoto, umwambie 2, 3 na 7 zinaanzia hapo na kwenda kulia. Tarakimu zote kumi huanzia juu, hilo ni la kukumbuka, ila hazielekei upande mmoja: 0, 6, 8 na 9 zinaanza kwa kwenda kushoto, na 1 na 4 zinaanza kwa kushuka. Hakuna sheria kwamba lazima zifundishwe kwa mpangilio wa kuhesabu. Mtoto anaweza kuhesabu hadi kumi kwa mdomo huku wiki hii akiandika 2, 3 na 7 tu, ili mkono uzoee safari moja kabla ya kuanza nyingine.

Namba 5 inastahili kutajwa peke yake. Mtazame mtoto anayeanza na ile kofia ya juu: anaivuta kutoka kushoto kwenda kulia, kidole kinajikuta kulia, na njia fupi ni kuteremkia hapo hapo. Matokeo yake ni 5 iliyogeuka. Wala hakusahau umbo, amefuata tu njia ya mkato. Anza na shingo: shuka, zungusha tumbo kubwa, kisha rudi juu umvike kofia. Maneno hayo yasemwe kwa sauti kila mara, mpaka mtoto ayaseme mwenyewe.

Kwenye ubao, andika namba kubwa kwa chaki, umpe mtoto kipande kidogo cha sponji chenye maji. Anaipitia namba na inafutika kadiri anavyokwenda, kisha anaiandika tena kwa kidole kilicholowa kabla ubao haujakauka. Baada ya hapo mpe kipande kifupi cha chaki aandike mwenyewe. Kiwe kifupi kweli, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, na vidole vinalazimika kukaa vizuri bila wewe kuvipanga.

Kuchora namba kubwa sakafuni na kutembea juu yake kunawafurahisha sana, na kunawafaa watoto ambao vidole vyao havijawa tayari. Tatizo ni kwamba mtoto akiona mwisho wa namba uko karibu naye, anaanzia huko. Weka kitu pale pa kuanzia.

Mnaoandika hewani na watoto, angalieni mmesimama wapi. Mwalimu akiwatazama watoto na kuchora 3 hewani, watoto wanaona 3 iliyogeuka, kwa sababu kulia kwake ni kushoto kwao. Ama uwape mgongo, ama ujifunze kuandika kinyume. Kuwapa mgongo ni rahisi zaidi, ingawa hutajua nani anachokoza nani.

Mchezo wa mgongoni nao ni mzuri: mmoja anaandika namba kwa kidole kwenye mgongo wa mwenzake, mwenzake anakisia na kuiandika ubaoni. Mgongoni namba husomeka sawasawa, kwa kuwa anayeandika na anayeandikwa wanatazama upande mmoja. Jaribu hilo hilo kwenye paji la uso, hata kwa mtu mzima, utaona wengi wanaisoma kinyume. Ngozi ya paji inatazama mbele, lakini ubongo unaisoma kana kwamba uko nyuma yake, unachungulia kutoka ndani.

Kuhusu udongo wa kufinyanga, hapa natofautiana na walimu wengi. Ni mzuri kwa nguvu za vidole, na darasa linapenda. Lakini 3 ya udongo ina nyuso mbili. Mtoto akiiinua na kuilaza upande wa pili, imegeuka, na hakuna aliyekosea. Kubandika maharage juu ya umbo la namba kuna kasoro kama hiyo, kwa kuwa mtoto anaweza kuanzia katikati, akaruka mwisho, akarudi mwanzo, na kazi ikatoka safi kabisa bila mkono kupita njia hata mara moja. Kama lazima udongo utumike, ubandikwe kwenye kibao usiinuke, kisha kidole kipite juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Idadi isiachwe nyuma. Mtoto anayeandika 4 safi lakini hawezi kukupa vijiti vinne amejifunza mchoro. Baada ya kila namba aweke vitu vyake pembeni. Kwa 0, Montessori alikuwa na sanduku la vyumba kuanzia 0 hadi 9 la kupangia vijiti, na chumba cha 0 hubaki kitupu. Watoto huhangaika nacho, wanataka kutia hata kimoja.

Kisha kigezo kiondolewe. Kwanza mtoto apite juu ya msasa, halafu aandike mchangani huku akiitazama namba, halafu aandike ikiwa imefunikwa, na mwisho afumbe macho. Hatua hiyo ya mwisho inawachekesha, lakini ndiyo inayoonyesha kama mkono umeshika njia. Akiweza kuandika 3 sawa macho yakiwa yamefumbwa, mpe penseli.

Na kwenye daftari ikirudi imegeuka? Itarudi, hasa akiwa amechoka au anaharakisha hesabu. Usiipige mkasi, kwa sababu jibu la hesabu linaweza kuwa sahihi kabisa. Mweleze jibu ni sahihi, kisha mwombe aiandike namba hiyo moja tena akianzia kwenye kitone. Kukiwa bado kuna kugeuza kwingi baada ya miaka 7 au 8, hasa kukiambatana na shida ya kusoma maneno mafupi au ya kukumbuka majina ya herufi, mtoto apimwe na mtaalamu, na uende na daftari zake za miezi kadhaa ili aone kama makosa yanapungua au yamekwama pale pale.