Winda likivuja si kwa sababu hukulikaza

Jamani mama zangu wa Unguja na Pemba, hii habari ya kwamba winda la mtoto, yaani nepi ya kitambaa, linavuja kwa sababu hukulikaza tuiacheni, mtoto anabanwa mpaka mapaja yanabaki alama na mkojo bado unatoka. Kukaza sana ndo kunazidisha, kitambaa kikibanwa kinakamuliwa, mkojo uloingia unarudi nje, na mtoto anaumia bure. Vidole viwili vipite kiunoni, mapajani kusiwe na uwazi, na kitambaa chote kiwe ndani ya chupi ya plastiki, kikichungulia hata kidogo nguo zote zinalowa.

Ila kubwa watu hawaliangalii, ni mafuta. Sisi huku mtoto akishakoga anapakwa mafuta ya nazi au ya mgando mwili mzima halafu winda juu yake, sasa yale mafuta yanaganda kwenye pamba na pamba yenye mafuta hainyonyi, na dawa ya kulainisha nguo nayo ni hivyo hivyo. Dondoshea maji kwenye winda kavu, yakisimama vitone bila kuzama basi shida ni hiyo, lifue kwa maji moto na sabuni, suuza mpaka povu liishe. Pamba mpya pia, ifue mara kadhaa kabla hujaitumia, ikitoka dukani hainyonyi vizuri.

Wa kiume kidude kielekee chini na kunja nene mbele. Na badilisha kila baada ya saa 2 au 3, likishajaa limejaa tu.