Lenzi kuukuu za renjifainda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Meza ya studio yangu hapa Mwanga, Kigoma, haikosi mgeni mwenye lenzi iliyofungwa kwenye leso. Moja ni urithi wa babu, nyingine imeokotwa mnadani, nyingine imeagizwa mtandaoni ikashushwa na basi la Dar ikiwa ndani ya boksi la viatu. Na kila mwenye lenzi anakuja na maneno aliyoambiwa na aliyemuuzia.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: renjifainda ni kamera ambayo huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka zikalie pamoja. Kwa upande wa Leica, kamera za Kijerumani, kipimo hicho cha umbali kilifungwa pamoja na lenzi mwaka 1932, kwenye Leica II.

“Hesi ni milimita 39, basi itaingia popote”

Naanza na hii kwa sababu ilinila hela. Nilinunua lenzi iliyotangazwa kuwa ni M39, yaani ya hesi ya milimita 39, nikaifunga kwenye Zorki-4 yangu, renjifainda ya Kisovieti, ikaingia kama kifuniko cha chupa. Nikaenda stesheni ya reli, lile jengo la Wajerumani ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, nikamaliza mkanda mzima. Kuusafisha, hakuna hata picha moja iliyotulia. Jengo lote limeyeyuka kama sabuni.

Kuingia iliingia kweli, ila lenzi ile ilikuwa ya Zenit za mwanzo, kamera ya kioo cha ndani (kioo kinachoakisi, unachungulia kupitia lenzi yenyewe), na Warusi walizipa hesi ileile ya milimita 39. Tofauti iko kwenye umbali kutoka ringi ya lenzi hadi filamu. Leica na renjifainda za Kisovieti za FED na Zorki ni milimita 28.8. Zenit ni 45.2. Lenzi yangu ilikaa karibu na filamu kupita kiasi kwa milimita 16.4, na hakuna kuzungusha kunakoweza kuifidia. Ukifanya kinyume, yaani lenzi ya milimita 50 ya Zorki kwenye Zenit, utapata picha kali ya kitu kilicho shubiri moja mbele yako, na zaidi ya hapo ni ukungu mtupu.

Kabla hujalipa, geuza lenzi utazame mgongo wake huku ukizungusha fokasi. Ya renjifainda ina ringi ya chuma inayotoka na kurudi ndani. Hiyo ndiyo inayosukuma mkono wa kipimo ndani ya kamera. Usipoiona, weka pesa mfukoni kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo ya umbali, usihangaike kuifunga kwenye kamera ya dijitali ya kioo. Canon za EF zina milimita 44, Nikon za F zina 46.5, nafasi haipo. Kamera za sasa zisizo na kioo ndizo zenye nafasi: Sony E ni milimita 18, hivyo adapta ya milimita 10.8 inamaliza kazi. Ila lenzi pana kama Jupiter-12 ya Kisovieti, ya milimita 35, ina makalio marefu yanayozama ndani ya kamera. Usiisukume kwa nguvu, na usishangae pembe za picha zikififia au kubadilika rangi. Mwanga wake unaingia kwa kuinama sana, na sensa haipendi hivyo.

“Ukiona mkwaruzo, kimbia”

Huu ndio ushauri unaowafanya watu warudishe lenzi nzima na kubeba mbovu. Mnunuzi anaiinua dirishani, anaona mstari mmoja mbele, anasonya. Ile ya pili haina mstari, anaichukua, kumbe ndani imejaa utusitusi.

Fanya hivi. Fungua tundu la mwanga, lile la majani ndani ya lenzi, hadi namba ndogo kabisa (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi, halafu chungulia kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo. Usitazame taa moja kwa moja. Chembe chache za vumbi zisikutishe. Ukiona weupe mwembamba umetanda kama pumzi kwenye kioo cha asubuhi, huo ni utusitusi, na ndio unaoua weusi wa picha. Ukiona nyuzi zinazotawanyika kama utando wa buibui, ni kuvu. Na ukiona pembeni rangi za upinde wa mvua, zile za mafuta ya injini ya boti juu ya maji pale Kibirizi, basi gundi inayoshikanisha vipande vya kioo imeachia. Hiyo mwachie mwenyewe, kwa sababu kuirekebisha kutakugharimu kuliko lenzi.

Mkwaruzo mmoja mbele hauonekani pichani, maana uko karibu mno kuingia kwenye fokasi. Utauona tu ukipiga kuelekea jua, na mafundi huujaza wino mweusi. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio wa kuuliza bei upya. Mistari laini mamia kwa mamia ya kufutwafutwa nayo ina madhara, na hapa kwetu tunaitengeneza wenyewe: vumbi jekundu lina chembe za mchanga zinazokwaruza kioo, halafu mtu anavuta ncha ya kanga na kusugua. Puliza kwanza, brashi baadaye, kitambaa mwisho kabisa.

Mafuta kwenye majani ya tundu la mwanga? Kwenye renjifainda si kesi. Majani hayo unayazungusha kwa mkono, hayarukiruki kama ya kamera za kioo.

“Isiyong’aa zambarau si lenzi halisi”

Ile rangi ni utando wa kupunguza mwakisiko. Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, waliupatia hataza mwaka 1935, kazi ya Alexander Smakula, kwa hiyo lenzi nyingi za kabla ya vita hazina rangi yoyote na ni halisi kabisa. Kwenye lenzi za Kisovieti tafuta herufi П, mara nyingi nyekundu. Ndiyo alama ya utando.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha. Kila uso wa kioo usio na utando hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na mwanga huo huzurura ndani ya lenzi na kuipausha picha. Ludwig Bertele wa Zeiss alipobuni lenzi ya Sonnar mwanzoni mwa miaka ya 1930, alibandika vioo pamoja hadi vikabaki mafungu 3 tu, yaani nyuso 6 zinazogusa hewa. Ndiyo maana Sonnar ilitoa weusi mzito hata kabla ya utando, na Jupiter-8 ya Kisovieti imerithi mchoro huo. Jioni jua likizama upande wa Kongo, kivulishe lenzi kwa kiganja na utaona tofauti.

Muuzaji akikuambia kila Jupiter ina “kioo cha Mjerumani”, tabasamu. Zile za mwanzo baada ya vita ndiyo. Baadaye hesabu zilifanywa upya kwa vioo vya Kisovieti.

“Kuvu inaambukiza, ichome”

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, hata ndani ya lenzi mpya. Zinachosubiri ni unyevu. Mwenzangu wa Ujiji alitenga lenzi moja “mgonjwa” kwenye kabati la peke yake, halafu nyingine zote akaziacha kwenye mikoba ya ngozi masika yote. Zote zikaota. Ngozi hufyonza maji. Tumia kopo la plastiki linalofunga vizuri, lenye vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu, na uvikaushe upya kila baada ya muda. Mchele hausaidii kitu zaidi ya kuacha unga kwenye hesi. Kuianika juu ya bati kunaweza kuzuia kuvu, lakini grisi italegea na kutambaa hadi kwenye vioo, na alama zilizokwishaliwa hazifutiki.

“Imeandikwa Leica, ni Leica”

Kiwanda cha FED cha Kharkiv, Ukraine, kilianza kunakili Leica II mwaka 1934. Jina ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky. Miaka mingi baadaye wajanja walikwangua jina hilo, wakachora Leica, tai na dhahabu juu. Ng’oa lenzi uchungulie ndani: mkono wa kipimo wa Leica una kigurudumu, wa FED na Zorki kwa kawaida ni kipande bapa kama ulimi.

Na ukiwa na Leica ya kweli, Jupiter haitalingana nayo kikamilifu. Kipimo cha Leica kilipangwa kwa lenzi ya milimita 51.6, Wasovieti walifuata 52.4 ya Contax, renjifainda ya Zeiss. Mbali utapata, karibu utakosa. Mimi hupanga chupa tano za mawese barazani kwa mshazari, napima ya katikati, napiga tundu likiwa wazi kabisa. Chupa iliyotulia ndiyo inayosema ukweli.

“f/1.5 ni bora kuliko f/3.5”

Saa sita mchana hapa, ISO 100, unahitaji tundu la f/16 na shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga) ya kama 1/100 ya sekunde. Ukifungua f/1.5 utahitaji zaidi ya 1/10000, na Zorki-4 inaishia 1/1000. Hela ya f/1.5 hurudi usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa ikiwasha taa ziwani.

“Kifuniko ni cha kulinda kioo tu”

Renjifainda haina kioo cha kuakisi mbele ya shata. Ikitazama jua, lenzi inakuwa kile kioo cha watoto cha kuchomea karatasi, na shata ya Zorki ni kitambaa. Mjomba wangu wa Tabora alinipigia simu: “Mwanangu, hizi filamu unazonitumia zimeoza, kila picha ina doa jeupe palepale.” Nikamwambia, “Shikamoo mjomba, kamera huwa unaiweka wapi ukipumzika?” Chini ya mwembe, kwenye mkeka, lenzi juu. Nilipoifungua nikaona kwenye kitambaa cha shata tundu mbili kama za sindano. Nikaziziba kwa tone la mpira mweusi.

Sasa anafunika kila mara, na tatizo limehamia upande wa pili: kidirishani hakuna kinachoonyesha kama kifuniko kipo. Amepiga kipaimara cha mjukuu chote gizani.